Testa ya globu, maltimita au mita ya kubana: ipi ianze kwa lori kuukuu lisilochaji

Lori kuukuu likigoma kuwaka asubuhi, hapa Tanga mambo huenda kwa mpangilio ule ule. Utingo anatafuta watu wa kusukuma, dereva anampigia tajiri simu, na kabla ya adhuhuri betri mpya imeshanunuliwa. Baada ya muda lori linalala tena. Safari hii lawama inahamia kwenye alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka: inafunguliwa, inafungwa nyingine, na mwenye lori anabaki na betri mpya, alteneta ngeni na ugonjwa ule ule, kwa kuwa tangu mwanzo kibovu kilikuwa waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha lori, uliooza chini ya kebini.

Pesa hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Mwenye lori moja la kubeba machungwa ya Muheza, au mchanga, au samaki wa soko la Deep Sea, hana uwezo wa kubahatisha mara mbili. Anatakiwa apime. Vipimio anavyoweza kuvipata kwa urahisi ni vitatu: testa ya globu, maltimita inayosoma volti na ampea kwa tarakimu, na ile mita ya kubana waya kama koleo. Kila kimoja kinaona kitu ambacho mwenzake hakioni, na kila kimoja kina mahali kinapodanganya.

Uamuzi wangu nauweka wazi mapema ili asiye na muda asihangaike. Nunua maltimita. Testa ya globu jitengenezee mwenyewe. Mita ya kubana iache mpaka uwe na malori kadhaa au uwe unaishi kwa kazi ya ufundi. Lakini usichukue maltimita peke yake bila globu, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa, na nitaeleza kwa nini.

Ugonjwa una makao manne

Betri ikiwa tupu asubuhi, kosa liko sehemu moja kati ya nne. Betri yenyewe imechoka, haishiki tena chaji. Au alteneta haitoi umeme wa kutosha. Au alteneta inatoa, ila umeme unapotelea njiani kabla ya kufika kwenye betri. Au mchana kila kitu kiko sawa, lakini usiku kuna kitu kinanyonya lori likiwa limezimwa.

Sehemu hizo nne zote mwishoni huonekana sawa kwa dereva: stata, mota ya kuwashia injini, inalia tik tik na injini haizunguki. Ndiyo maana kumuuliza dereva "imekuwaje?" hakutoshi. Swali lenye faida zaidi ni hili: lori likitoka safari ndefu jioni na kuzimwa, je, likiwashwa baada ya nusu saa linawaka? Likiwaka vizuri jioni na kugoma asubuhi, tazama betri na mnyonyaji wa usiku. Likigoma hata jioni, au likiwaka kwa kujikongoja tu, tazama alteneta na nyaya zake.

Testa ya globu

Hii ni globu ya kawaida ya taa ya breki iliyounganishwa na nyaya mbili, moja ina kibano na nyingine ina ncha kali. Tafadhali usiichanganye na testa ya bisibisi wanayotumia mafundi wa umeme wa nyumbani. Ile ina kitaa cha neoni kinachohitaji volti nyingi ndipo kiwake. Kwenye volti 12 au 24 haitawaka hata kama umeme upo.

Kitu kizuri cha globu ni kwamba inakula umeme. Globu ya wati 21 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 1.75, na ya volti 24 inavuta karibu ampea 0.9. Waya ukiwa umeoza ndani ya mpira wake, umebaki na uzi mmoja tu wa shaba unaoshikilia, globu itawaka hafifu au haitawaka kabisa. Imeubebesha waya mzigo, na waya umeshindwa. Hapo huna haja ya tarakimu. Unaona kwa macho, hata saa mbili usiku pembeni mwa barabara pale Segera.

Kwa malori ya ukanda huu hilo ni jambo kubwa. Upepo wa bahari una chumvi, na lori linalopakia samaki linadondoshewa maji ya barafu yenye chumvi juu ya chesisi siku nzima. Shaba inageuka kijani ndani ya mpira, na nje waya unaonekana mzima. Masika ikiingia, unyevu unamalizia kazi.

Globu pia ni kipimo cha kwanza cha mnyonyaji wa usiku. Zima kila kitu, funga milango, toa ufunguo, kisha fungua klempu ya hasi kwenye betri na uiweke globu katikati: upande mmoja kwenye kichwa cha betri, upande mwingine kwenye klempu iliyofunguliwa. Ikiwaka kwa nguvu, kuna mvutaji mkubwa. Ikiwaka kwa wekundu hafifu, kuna mvujo wa wastani. Kwa kazi hii tumia globu ndogo ya wati 5, kwa sababu ndogo huonyesha mvujo mdogo ambao ile ya wati 21 haioni. Na globu iwe ya volti za lori lako. Ukiweka ya volti 12 kwenye lori la 24 na mvujo ukawa mkubwa, itaungua papo hapo.

Inadanganya wapi? Kwanza, haijui kuhesabu. Itakuonyesha kwamba umeme upo, lakini haitakwambia kama ni volti 12.1 au 14.2, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama alteneta inachaji. Pili, mvujo mdogo hauoni kabisa. Globu ikibaki giza usiseme lori ni salama. Sema tu kwamba mnyonyaji, kama yupo, si mkubwa.

Maltimita

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo yenye majibu mengi, na wengi wanaonunua wanaitumia kwa kipimo kimoja tu.

Anza na betri iliyolala. Lori likae usiku mzima bila kuguswa, asubuhi weka mita kwenye volti za umeme wa betri, yaani alama yenye mstari mnyoofu, si ile ya wimbi. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 mpaka 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu. Ikisoma 12.2 ni nusu. Ikisoma 12.0 inakaribia kuisha, na chini ya 11.9 ihesabu tupu. Usipime dakika chache baada ya kuzima injini, maana betri iliyotoka kuchajiwa huwa na volti za juu juu zinazoshuka baadaye.

Kisha mtu aanzishe stata wewe ukitazama mita. Betri nzuri ya volti 12 haishuki chini ya takriban 9.6 injini inapozungushwa. Ikisoma 12.6 ikiwa imelala, halafu ikaanguka mpaka 7 stata inapoitwa, na vichwa vyake ni visafi, betri hiyo imekufa ndani hata kama ni ya juzi.

Injini ikishawaka, ipandishe mzunguko kidogo. Kwenye betri sasa utake 13.8 mpaka 14.4. Mita ikibaki 12.5 au kushuka polepole, chaji haifiki. Ikipanda kupita 15, katauti, yaani kidhibiti volti cha alteneta, imeharibika. Alteneta inachaji kupita kiasi, na utaona maji ya betri yanaisha haraka na harufu kali inatoka. Watu hufurahia taa zikiwaka kwa mwanga mkali namna hiyo bila kujua betri inakaushwa.

Fuso, Isuzu kubwa na Scania huwa na volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Zidisha tarakimu zote kwa mbili: 25.2 ikiwa imelala, 27.6 mpaka 28.8 ikichaji. Ila usiishie kupima jumla. Pima kila betri peke yake. Jumla ya 24.6 inaonekana ya kuvumilika, kumbe moja ina 12.7 na nyingine 11.9. Chanzo cha hali hiyo kwenye malori yetu kinajulikana: mtu amechukua volti 12 kutoka betri moja kwa ajili ya redio, chaja ya simu au taa za ndani. Betri ile inatumika zaidi ya mwenzake. Alteneta haijui, inatazama jumla tu. Basi moja inabaki na njaa miaka yote na nyingine inashindiliwa mpaka inachemka. Ukibadilisha ile iliyokufa bila kuondoa waya huo, mpya itafuata njia ile ile. Redio ya volti 12 kwenye lori la 24 inatakiwa ipate umeme kupitia kifaa cha kushusha volti, kinachochukua kutoka betri zote mbili.

Sasa kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na ambacho kingeokoa alteneta nyingi zinazobadilishwa bila kosa. Injini ikiwa inaunguruma na taa kubwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye nati nene ya nyuma ya alteneta, unapotoka waya mkubwa, na ncha nyingine kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri, si kwenye klempu. Mita itasoma volti zinazopotea njiani. Kwenye lori la volti 12, zikizidi 0.3, njia ni mbovu. Kisha rudia upande wa ethi: ncha moja kwenye mwili wa alteneta, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Hapo zisizidi 0.2.

Chukua mfano. Alteneta inasoma 28.2 mgongoni mwake, betri inasoma 26.9. Volti 1.3 zimepotea katikati. Fundi atakayepima kwenye betri tu atasema alteneta dhaifu. Kumbe alteneta ni nzima, na dawa ni kubadilisha waya mmoja, kusugua klempu na kufunga ethi upya kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Kupima ni kazi ya dakika chache, na gharama ya waya haifanani kabisa na gharama ya alteneta.

Maltimita inadanganya pale pale ambapo globu inasema kweli. Yenyewe haivuti umeme wowote wa maana. Waya ukibaki na uzi mmoja wa shaba, mita itasoma volti kamili na utaamini waya ni mzima. Kwa hiyo ukiona mita inasema 12.5 kwenye soketi ya taa na taa haiwaki, usimlaumu mtengeneza globu. Weka testa ya globu pale pale na utaona inafifia. Kipimo kile cha volti zinazopotea nacho lazima kifanywe mzigo ukiwepo, taa zikiwa zimewashwa. Bila mzigo kila waya ni mzima.

Udanganyifu wa pili ni mbaya zaidi. Maltimita nyingi zina tundu la ampea 10 lenye fyuzi ndani. Mtu akiunganisha mita badala ya waya wa hasi ili kupima mvujo, kisha utingo akasahau na kuwasha ufunguo au akagusa stata, fyuzi inakatika kimya. Kuanzia hapo mita itasoma sifuri kila mara, na wewe utatangaza kwamba lori halina mvujo. Ndiyo maana nasema globu itangulie. Weka globu kwanza. Ikiwaka kwa nguvu, usiweke mita, mtafute mvutaji mkubwa kwa globu hiyo hiyo. Globu ikiwa giza au hafifu kabisa, ndipo uweke mita kwenye ampea usome tarakimu.

Tarakimu hiyo isomwe namna gani? Lori la zamani lisilo na kompyuta linatakiwa livute karibu na sifuri likiwa limezimwa. Redio yenye saa huvuta kidogo, traka ya kufuatilia gari huvuta kidogo, alamu vilevile. Chini ya miliampea 50 usihangaike. Miliampea 100 ni ampea-saa 2.4 kwa siku; lori likilala wiki nzima gereji, zimeondoka karibu 17. Nusu ampea ni ampea-saa 12 kila siku, na betri ya 100 itakuwa nusu baada ya siku nne. Ukijua tarakimu, unajua pia kama inaeleza ugonjwa unaouona. Mvujo wa miliampea 60 hauwezi kuua betri nzima ndani ya usiku mmoja, hata mtu akikuapia.

Baada ya hapo ni kuchomoa fyuzi moja moja ukitazama mita inaposhuka. Kwenye lori lililopita mikononi mwa mafundi wengi, nyaya kadhaa zimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupita fyuzi yoyote: redio, taa za mapambo, honi ya upepo, traka. Hizo zifuatwe kwa mkono. Na usisahau alteneta yenyewe. Daiodi, kipande cha ndani kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikivuja, betri inarudisha umeme ndani ya alteneta usiku kucha. Gusa mwili wa alteneta asubuhi na mapema kabla jua halijapanda: ikiwa na uvuguvugu wakati injini ni baridi, umempata mnyonyaji. Ukitaka uhakika, toa hasi ya betri, fungua waya mkubwa wa alteneta, ufunge ncha yake kwa tepu vizuri, rudisha hasi na upime mvujo tena.

Mita ya kubana

Inafunguka mdomo, unaubana waya bila kukata wala kufungua kitu, inasoma ampea. Kwa kuona alteneta inatoa ampea ngapi hasa, au stata inakula ngapi, hakuna kinachoikaribia. Stata inavuta mamia ya ampea. Maltimita ya ampea 10 haiwezi hata kusogezwa hapo. Fundi anayepokea malori matano kwa siku atairudisha pesa yake haraka, kwa kuwa haunguzi fyuzi na hafungui klempu.

Lakini kwa mnunuzi wa kwanza ina mitego. Nyingi za bei ya chini ni za umeme wa nyumbani: zinabana na kusoma umeme wa wimbi tu. Ukiibana kwenye waya wa betri itasoma sifuri hata stata ikizunguka. Kabla ya kulipa tazama kwenye ampea kama kuna alama ya mstari mnyoofu wenye vidoti chini yake. Isipokuwepo, hiyo si ya lori. Pili, hata iliyo sahihi lazima ubonyeze kitufe cha sifuri kabla ya kila kipimo, mdomo ukiwa mtupu, la sivyo itakusomea ampea ambazo hazipo. Tatu, kwenye mvujo mdogo wa makumi ya miliampea, mita nyingi za kubana zinayumba tu. Tarakimu inapanda na kushuka bila sababu. Mvujo wa usiku, ambao ndio unaowatesa wengi, bado utarudi kuupima kwa maltimita.

Vipimo vya bure, na kimoja cha kukataa

Kuna mambo mawili yasiyohitaji kununua chochote. Washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ya chaji kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, huenda globu yake imeungua, na kwenye alteneta nyingi za zamani globu hiyo ndiyo inayopitisha umeme wa kuiamsha alteneta. Globu ndogo ikiungua, alteneta nzima inaonekana imekufa. La pili, ufunguo ukiwa umewashwa, sogeza bisibisi karibu na nati ya puli ya alteneta. Ikivutwa kama na sumaku, umeme wa kuamsha unafika na kaboni, vipande vinavyoupeleka kwenye sehemu inayozunguka ya alteneta, zinagusa. Isipovutwa, kaboni zimekwisha au waya umekatika. Na kabla ya hayo yote bonyeza fenibelti, mkanda unaozungusha alteneta. Ikilegea na kung'aa kama kioo inateleza, na hakuna mita itakayokusaidia.

Betri za kujaza maji zipime pia kwa haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri. Chumba kilichojaa chaji husoma kama 1.265 mpaka 1.280, nusu chaji ni karibu 1.190. La kutazama zaidi ni tofauti kati ya vyumba: kimoja kikiachwa na wenzake kwa zaidi ya 0.050, chumba hicho kimekufa, na betri haitapona kwa kuchajiwa.

Cha kukataa ni kile cha kung'oa klempu ya betri injini ikiwa inaunguruma, eti ikizimika alteneta ni mbovu, isipozimika ni nzima. Nakisikia kwa watu wa heshima kabisa, na nakipinga kwa heshima hiyo hiyo. Injini ya dizeli yenye pampu ya zamani haihitaji umeme kuendelea kuzunguka; ikishawaka itaunguruma hata alteneta ikiwa kipande cha chuma. Kwa hiyo jibu halina maana. Halafu betri inapoondolewa ghafla alteneta ikiwa kwenye mzigo, volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi, na daiodi na katauti zinaweza kuungua hapo hapo. Mtu ameingia gereji na alteneta nzima, anatoka na mbovu.

Ukiwa umethibitisha ni alteneta

Hapo kuna chaguo jingine la njia tatu: kutengeneza, kununua ya mtumba, au kununua mpya.

Kutengeneza ndiko ninakokupendelea pale kibovu kikiwa kaboni, beringi, katauti au sahani ya daiodi. Ni vipuri vinavyobadilika, na mwili wa alteneta ya zamani mara nyingi una shaba nzito na nyumba imara. Mafundi wazuri wa umeme wa magari wapo Ngamiani na sehemu nyingine za mji. Muombe tu akuonyeshe kilichotolewa, na apime tena mbele yako kabla ya kufunga. Ikiwa koili ya ndani imeungua, imekuwa nyeusi na inanuka vanishi iliyochomeka, kuisuka upya kunategemea sana mkono wa fundi, na hapo naanza kuipa mtumba nafasi.

Ya mtumba inafaa ikiwa tu imepimwa ikizunguka, mbele ya macho yako, na ikiwa inalingana na ya kwako kwa mambo haya: volti, ampea, idadi ya mifereji ya puli, na plagi ya nyuma. Zaidi ya hayo kuna jambo la hatari. Kwenye dizeli nyingi ndogo za Isuzu, Toyota na Mitsubishi, mgongoni mwa alteneta kuna bomba la vakyumu, yaani pampu ya kufyonza hewa, linalosaidia breki. Ukifungiwa alteneta isiyo na bomba hilo, au yenye bomba lililochoka, betri itachaji vizuri na pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe. Anayeteremka Soni kutoka Lushoto na mzigo wa mboga asikutane na hilo. Bomba hilo pia hulainishwa kwa oili ya injini, na sili yake ikichoka oili inaingia ndani ya alteneta na kulowesha kaboni. Ukiona kaboni zilizolowa oili, kubadilisha kaboni peke yake ni kupoteza pesa. Sili ibadilishwe kwanza.

Mpya ichague kama lori linafanya kazi kila siku na linakwenda mbali, na muuzaji anakubali kukurudishia ikigoma. Kwa lori linalozunguka kati ya Pongwe na mjini, sioni haja.

Nani achukue nini

Mwenye lori moja: maltimita yenye tundu la ampea 10, fyuzi za akiba za mita hiyo, na testa mbili za globu, ya wati 21 na ya wati 5. Vyote vinaingia chini ya kiti cha dereva.

Dereva aliyeajiriwa, ambaye mita si yake na tajiri yuko mbali: testa ya globu na bisibisi vinamtosha kumwambia tajiri kitu cha kweli kwenye simu. "Bosi, taa ya chaji haiwaki na puli haivuti bisibisi" ni taarifa inayofanya fundi aje na kaboni mkononi. "Bosi, betri imekufa" inamfanya tajiri atume pesa ya betri.

Mwenye malori matatu na kuendelea, au fundi: ongeza mita ya kubana ya umeme mnyoofu. Maltimita ibaki.

Na ambaye amepima, amechomoa kila fyuzi, na mvujo bado haujaonekana, huku lori lazima lifanye kazi wiki hii, anaweza kufunga swichi ya kukatia betri kwenye waya wa hasi. Naikubali kama njia ya kusubiri. Iwe nene ya kutosha kubeba umeme wa stata, dereva aijue kwamba haiguswi kamwe injini ikiwa inaunguruma, na kama lori lina traka, mwenye kuifuatilia aambiwe kwamba huenda ikazimika nayo kila usiku.